Tela la Shemeji

Machi 3, Jumatatu. Mawingu.

Wamefika. Nilisikia honi langoni nikadhani ni mteja wa yunifomu, kumbe ni mdogo wangu Chiriku na mumewe, na nyuma ya pikapu yao wanakokota kitu bapa kama sanduku la nguo lililowekewa magurudumu. Shemeji akashuka, akanisalimia kwa heshima zote, akafungua makomeo ya pembeni, akasukuma kwa bega, na lile sanduku likainuka. Mapaa mawili yakasimama yakaegemeana, akapandisha ukuta wa mbele na wa nyuma, likawa kibanda kamili. Jirani yangu Fundi Jeki, mwenye gereji upande wa pili wa ua, alisimama na spana mkononi, mdomo wazi.

Shemeji ni fundi wa mizani. Anazunguka miji akirekebisha mizani ya madukani na maghalani, na anasema amechoka na kunguni wa nyumba za wageni. Ataliegesha tela hapa uani kwangu msimu wote wa mvua, yeye aende kazini na pikapu na kurudi. Mimi nimefurahi. Tangu wanangu waende kwao, nyumba hii ina cherehani nyingi kuliko watu.

Ameniambia nami ninunue la kwangu, niwe nazizungukia shule na kazi yangu. Wazo si baya. Nitaandika humu faida na hasara mpaka mvua ziishe, nisije nikauziwa mbuzi kwenye gunia.

Machi 4, Jumanne.

Faida: kuta ni ngumu, si turubai. Turubai huota ukungu, na mwizi hulipasua kwa wembe. Shemeji alinigongea ukuta kwa ngumi nisikie. "Hapa, shemeji, sauti haitoki wala haiingii. Mtu analala kama yuko benki."

Hasara: ukisogea pembeni unagonga kichwa. Nimegonga mara mbili, na mimi si mrefu.

Machi 9, Jumapili. Mvua ya kwanza.

Imenyesha tangu asubuhi. Nilimwita Chiriku aje tunywe chai, hakuja. Aliyekuja ni shemeji, na sukari mkononi, na boksi la uzi mweupe maana jana aliona wangu unaisha. Akakaza na mkanda wa cherehani ya zamani, ule unaolegea ukimtazama vibaya. Tukataniana. Nikamwambia, "Shemeji, mke umemficha wapi? Au umempima ukakuta amepungua ratili?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. "Amelala, shemeji. Mdogo wako nimemlea kama yai."

Shemeji wa aina hii hauzwi dukani. Anayenitia aibu ni mdogo wangu. Tulimwita Chiriku tangu hajaota meno vizuri, kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Leo hii yuko hatua chache na mlango wangu, hawezi hata kuja kuniambia habari za asubuhi? Ndoa imemfanya mvivu na mwenye maringo.

Machi 12, Jumatano. Manyunyu.

Makola ya mashati kutwa. Chiriku hakutoka.

Machi 15, Jumamosi. Mvua kubwa, kisha jua la uongo.

Hasara: linavuja juu kabisa, pale mapaa mawili yanapokutana. Shemeji amepanda na mrija wa gundi. Chiriku alikuwa chini anamshikia ngazi, na ndipo nilipomwona vizuri. Amekonda. Nikamwambia aje ndani nimpime, nimshonee gauni. Kabla ya kunijibu alimtazama mumewe.

"Nenda tu," shemeji akasema kutoka juu. "Mbona unanitazama mimi?"

"Baadaye, dada," akasema.

Baadaye yake sikuiona.

Machi 20, Alhamisi.

Faida: kila kitu kimo. Jiko la gesi, tangi la maji, kitanda, hata choo cha ndoo nyuma ya pazia. Shemeji anasema mwanamke mwenye tela hili hana sababu ya kutoka nje na tope hili. Nikamwambia basi aliuze kwa wanaume wenye wivu, atatajirika. Akasema, "Shemeji, una maneno wewe!" Tukacheka.

Machi 27, Alhamisi. Mvua tangu alfajiri.

Shemeji aliondoka mapema. Nikaona nimpelekee mdogo wangu chai na mkate, maana hasira za dada hazidumu. Nikagonga. Akasema nimwekee dirishani. Dirisha lenyewe ni la kusukuma, upana wa kiganja. Nikamwambia, mimi nimelowa, fungua mlango niingie.

"Siwezi, dada. Umefungwa huko nje."

Nikatazama. Mlango wa tela hili ni vipande viwili, cha chini na cha juu, na vyote viwili vimepigwa komeo kwa nje. Komeo jipya, halikuwapo walipofika.

"Ni upepo," akasema. "Kipande cha juu kinapigapiga."

"Basi nakufungulia."

"Usifungue! Ataona."

"Ataona nini?"

"Ataona halijakaa alivyoliacha."

Nilimpitishia kikombe dirishani, chai nusu ikamwagika. Mambo ya chumba cha mke na mume hayaingiliwi, ndivyo tulivyolelewa. Nikarudi kwenye mashati yangu. Lakini kola moja niliishona kinyume, nikaifumua, nikaishona kinyume tena.

Machi 31, Jumatatu.

Fundi Jeki kaja kuomba maji, akaangalia lile komeo, akasema komeo la upepo watu huliweka ndani. Nikamwambia aache umbea, akatengeneze magari ya watu yanayoota nyasi. Akaenda zake. Sikupenda alivyoondoka bila kunijibu, maana yeye huwa hakosi jibu.

Aprili 2, Jumatano. Mvua.

Sasa ni kufuli. Nikamwuliza shemeji kwa utani, "Na hili nalo ni la upepo?"

"Wezi, shemeji."

"Mwizi gani, na mimi nimekaa dirishani na cherehani kutwa nzima?"

"Ndiyo maana nina amani," akasema. "Macho yako yapo." Kisha akacheka. Mimi sikucheka.

Aprili 6, Jumapili.

Shule zinakaribia kufungua na vifungo havijashonwa. Nilimwomba shemeji aniachie Chiriku anisaidie. Akasema mbona namwomba yeye, nimwulize mwenyewe. Akamwita. Chiriku akasimama kwenye ngazi ya tela, shemeji nyuma yake, mikono mfukoni, anapiga mluzi.

"Sijisikii vizuri, dada."

"Umemsikia?" shemeji akaniambia, kwa upole kabisa. "Mimi sijamkataza."

Ni kweli hakumkataza. Jambo hilo nimelizungusha kichwani mpaka jioni.

Aprili 8. Mvua.

Aprili 11. Mvua. Faida: sauti haitoki. Nimeandika, nimekaa nikaitazama sentensi hii.

Aprili 14, Jumatatu. Mvua ya kumimina.

Leo nilichukua kigoda na mwavuli nikakaa chini ya dirisha lake, nikashona vifungo huko huko. Pikapu ilipotoka tu. Fundi Jeki aliniona, akapandisha sauti ya redio ya gereji, tusisikike.

Mwanzo Chiriku hakutaka. Nikamweleza habari za wanangu, za yule mteja aliyetaka sketi ya binti yake ipungue na binti mwenyewe anazidi kunenepa. Akacheka kidogo. Halafu maneno yakaanza kuja, moja moja.

"Simu yako iko wapi?"

"Anayo yeye. Anasema unyevu unaharibu simu."

"Anakupiga?"

"Hajawahi kuninyanyulia mkono, dada. Ningeweza kusema ananipiga, ningesema. Watu wangeelewa. Nikitaka kutoka, ananiuliza naenda kwa nani. Anauliza taratibu, hachoki. Anauliza mpaka mimi mwenyewe naona hakuna haja. Nyumba ya kupanga ilikuwa na majirani, akasema wana midomo. Ndiyo akanunua hili."

Sindano ikanichoma. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza tu.

"Ulikuwa unacheka naye."

Ni kweli nilikuwa nacheka naye.

"Mvua zikikatika tunaondoka," akasema. "Amepata kiwanja mbali huko, hakuna nyumba karibu. Anasema pale tela halitahitaji kukokotwa tena."

Kila mwaka naomba mvua ziishe nianike vitambaa. Mwaka huu naomba zisikatike.

Aprili 15, Jumanne.

Nimekwenda polisi. Yule wa kaunta akaniuliza kama mke mwenyewe amelalamika. Nikasema mke mwenyewe amefungiwa kufuli. Akasema, "Mama, hayo ni ya nyumbani, kayamalizeni kifamilia." Nikamwambia asante kwa sauti ambayo mama yangu angeisikia angenizaba kofi.

Aprili 18, Ijumaa. Jua.

Jua la kutwa. Shemeji ametia grisi kichwa cha tela, ameangalia magurudumu, amejaza upepo. "Naona limekuja kutuaga," akaniambia akionyesha juu. Nikamtazama. Ni mtu yule yule, tabasamu lile lile, na boksi la uzi kaniletea tena. Nimelipokea kwa sababu sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Aprili 22, Jumanne. Dhoruba.

Naandika huku mkono wa kushoto ukishikilia wa kulia, vidole vimevimba.

Shemeji aliondoka asubuhi kwenda kwenye ghala moja, akasema atalala huko. Mchana mbingu zikawa rangi ya masizi. Nikatoka kuanua vitambaa. Upepo ulikuja kwa kishindo, ukatwaa shuka moja ukalitupa juu ya gereji, na kabla sijageuka nikasikia chuma kinalia.

Hasara kubwa kuliko zote, na hii shemeji hakunitajia: mapaa ya tela hili yamesimamishwa na springi. Upepo ukipata upenyo chini ya paa moja, springi zinausaidia. Lile la upande wa ukuta wa ua liliinuka kama kifuniko cha sufuria, likashuka kwa nguvu, likainuka tena. Kila likishuka, kuta za mbele na nyuma zinayumba, na mle ndani yumo mtu. Maji ya mtaro wa barabarani nayo yakaingia uani, yakafika kwenye magurudumu, tela likaanza kuinamia upande mmoja.

Nilikimbia. Nikapiga mlango kwa viganja, nikamwita. Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha kuliko dhoruba. Niliona vidole vyake tu, vinne, vimeshika ukingo wa dirisha, na maji yanapita juu yake.

"Chiriku! Ruka pale juu, paa likiinuka!"

"Siwezi! Likinishukia?"

Nikalivuta kufuli kwa mikono kama mwendawazimu. Nikarudi ndani nikachukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa, nikauingiza kwenye komeo, ukavunjika. Fundi Jeki akaja mbio na nondo, kichwani kavaa ndoo. Akalitazama lile kufuli, akasita.

"Jirani, nikivunja, hii ni mali ya watu. Kesho..."

"Mali ya watu ni mdogo wangu!" nikapiga ukelele. "Vunja, au nipe mimi hilo chuma!"

Akaingiza nondo. Kufuli halikukubali, lilikuwa zuri kuliko mlango wenyewe. Akahamia kwenye bawaba, akapiga pini moja ikatoka, akapiga ya pili. Kipande cha juu kikaanguka matopeni. Cha chini tukakivuta sote wawili, mlango ukanibana vidole, nikavichomoa. Nikaingiza mikono, nikamshika Chiriku makwapani kama mtoto mchanga, nikamvuta. Tulianguka pamoja kwenye maji. Nyuma yetu paa likashuka kwa mara ya mwisho, springi ikakatika, na ukuta wa mbele ukalalia kitanda.

Hulala kitanda kile, jamani. Kila siku.

Nilimfunika na yunifomu za watu, zote zilizokuwa karibu. Meno yanagongana. Neno lake la kwanza, baada ya yote yale, lilikuwa, "Mwambie si mimi niliyefungua."

Nimelia mbele ya Fundi Jeki bila haya.

Aprili 23, Jumatano. Mawingu, kimya.

Amerudi. Alizunguka tela lake polepole, akaokota pini za bawaba kwenye tope, akazifuta kwa leso. Nilikuwa nimesimama mlangoni kwangu, Chiriku nyuma yangu chumbani.

"Shemeji," akasema, "umeniharibia mlango."

"Na wewe ungemuua mtu."

"Nani kafa?" Akaangalia huku na huku, kweli kweli, kama anayemtafuta. "Mwambie mdogo wako nimerudi. Nguo zake zimelowa, aje azianike."

Nikamwambia haji. Akasema atasubiri.

Aprili 26, Jumamosi.

Anasubiri. Amenyoosha kuta, amefunga springi mpya, amepiga rangi komeo. Kila asubuhi anakuja chini ya dirisha la chumba changu. "Mama watoto wangu wajao, umeamkaje?" Sauti tamu. Kisha anaenda kukaa kwenye ngazi ya tela, anatazama mlango wangu. Sijamwona akila.

Wateja wanamwamkia. Mmoja kaniambia nina bahati ya kuwa na mwanaume uani.

Mei 1, Alhamisi. Mvua nyepesi.

Chiriku ameanza kusimama karibu na dirisha saa anapokuja.

Mei 5, Jumatatu. Jua.

Asubuhi akasema safari ni leo. Lakini kulikunja tela kunahitaji watu wawili, mmoja ndani wa kulaza kuta, mmoja nje wa kushusha paa, na springi mpya ni kali. "Mwambie aje tukunje tu," akasema. "Tukunje, tuagane kwa amani. Au mnataka nikae hapa mwaka mzima?"

Nikageuka. Chiriku alikuwa amesimama, kandambili miguuni.

"Dada, nikimsaidia kukunja ataondoka."

"Kaa."

"Ni dakika chache tu. Yeye si mtu mbaya akisikilizwa."

Nilimshika mabega nikamkalisha kwenye kiti cha cherehani, nikaweka rundo la sketi mapajani mwake. Nikamwambia, "Piga marinda. Ukinyanyuka hapo, sitakusamehe mpaka naingia kaburini." Sijawahi kumtolea maneno mazito hivyo. Kisha nikaenda kukunja mimi.

Alinielekeza kwa adabu zote. Vua shuka. Fungua mikanda. Nikafanya yote nikiwa nje, mkono mmoja kwenye chuma. Fundi Jeki alikuja akasimama kwenye uzio, anafuta spana safi.

"Sasa, shemeji, ingia ndani ulaze ukuta wa nyuma. Mimi nitashika paa hapa."

Nikatazama mle ndani. Palikuwa na giza, na harufu ya gundi na unyevu. Nikatazama mikono yake juu ya paa.

"Ingia wewe," nikamwambia. "Kitu chako, unakijua. Paa nitashika mimi."

Tulitazamana. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona uso wake usio na tabasamu, na nilielewa mdogo wangu anaishi na nani. Aliingia. Akalaza ukuta akiniangalia mimi, wala haangalii ukuta, akatoka haraka. Tukashusha. Akafunga makomeo yote, akayajaribu moja moja, akapanda pikapu.

"Mwambie asinitafute," akasema, na akaondoka bila kupiga honi.

Fundi Jeki akaniletea kiti cha gereji chenye mafuta, nikakikalia hivyo hivyo.

Mei 6. Amelala kutwa. Mlango wa chumba hataki ufungwe, hata kurudishiwa.

Mei 19, Jumatatu. Manyunyu.

Chiriku amegombana na mteja kuhusu urefu wa sketi. Ameshinda. Nimejificha nyuma ya pazia nikifurahi kama mjinga.

Juni 14, Jumamosi. Jua kali.

Mvua zimekwisha kabisa. Tulikuwa mezani, mimi nakata, Chiriku anapiga pasi. Simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Nikaiweka sauti ya nje maana mikono ilikuwa na chaki.

Mama mtu mzima, sauti ya upole. Akauliza kama mimi ndiye fundi wa yunifomu mwenye ua mkubwa karibu na gereji. Nikasema ndiye. Akasema yeye anauza vitambaa, yuko mbali, ameniulizia kwa wauza uzi mpaka akanipata.

"Kwanza poleni sana na msiba, mwanangu."

"Msiba gani, mama?"

"Wa mdogo wako. Shemeji yako katueleza, maskini. Ameegesha tela lake hapa uani kwetu. Kijana mpole, mchapakazi, hata mizani yangu ya dukani kanitengenezea bure. Sasa anamwomba binti yangu. Mimi nikasema siozeshi mtoto kwa mtu nisiyewajua wakwe zake wa kwanza. Nikaona niwape pole mliofiwa, na nisikie mnamsemaje."

Chiriku aliisimamisha pasi, akachomoa waya ukutani. Akaja akainama juu ya simu.

"Shikamoo, mama. Marehemu ndiye mimi."

Tukasikia redio ya mtu, mbali.

"Mama, binti yako yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko... si yuko hapo uani? Kaenda kuonyeshwa tela. Kwamba ndani kuna kila kitu."

"Na mwanaume?"

"Kasimama mlangoni."

"Usikate simu. Toka nje umwite mwanao, kwa sauti kubwa, majirani wote wasikie. Usimwite mwanaume, mwite mwanao. Usiache mpaka aje ashike mkono wako. Mimi nipo hapa."

Tukasikia kandambili zikikimbia sakafuni. Tukasikia yule mama akimwita mtoto wake, mara ya kwanza, mara ya pili, sauti inapanda, sauti nyingine za watu zinauliza kuna nini. Nilikuwa nimeshika mkono wa Chiriku, au yeye kashika wangu.

"Abee, mama! Nakuja!"

Chiriku akakaa chini sakafuni, akalia kwa sauti, na mimi nikakaa naye.